Mtoto na mambo anayoyaacha njiani

Kifungua mimba wangu alizaliwa na kilo 3.2. Siku ya nne nesi akamlaza kwenye mizani, akaandika 2.98, akanirudishia kadi na kumgeukia mama aliyekuwa nyuma yangu. Niliisoma ile namba mara tatu. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikuwa nimelala kabisa, nilikuwa nanyonyesha, namsikia akimeza, na asubuhi mizani inaniambia mwanangu amepungua. Nikaketi kwenye benchi nikalia.

Nesi aliponiona aliacha alichokuwa akifanya akaja kukaa karibu yangu. "Mama, usilie. Karibu wote hupungua siku za mwanzo. Anatoa maji, anatoa choo kile cheusi cha kwanza, na maziwa yako ndiyo kwanza yanashuka. Mnyonyeshe kila anapotaka, halafu umlete akitimiza wiki mbili." Alipotimiza wiki mbili alikuwa na kilo 3.3.

Miaka imepita, nina mtoto wa pili ambaye naye amekwisha kuvuka mwaka, na ile 2.98 bado ninaikumbuka kuliko namba yoyote iliyofuata. Orodha za ukuaji tunazopewa wazazi zinafanana kila mahali: mwezi huu atakaza shingo, mwezi ule atakaa, mwingine atatambaa. Zinaandika anachopata mtoto, basi. Sikuwahi kuona orodha iliyoniambia kwamba ndani ya mwaka huohuo atapoteza mambo mengi, na kwamba sehemu kubwa ya kupoteza huko ni dalili ya mtoto anayekua vizuri. Hofu zangu kubwa hazikuja pale watoto wangu walipochelewa jambo. Zilikuja walipoacha jambo walilokuwa wakiliweza wiki iliyotangulia. Kwa hiyo nataka kuusimulia mwaka wa kwanza kwa kupitia mlango huo.

Nianze na uzito, maana ndio ulioniliza. Mtoto mzima aliyezaliwa kwa wakati anaweza kupungua kama asilimia 7 ya uzito wake katika siku za mwanzo. Wengine hukaribia asilimia 10, na hapo wahudumu huanza kuangalia kwa makini jinsi anavyonyonya. Wengi huwa wameurudisha uzito wa kuzaliwa ndani ya siku 10 hadi 14. Kisha kasi inakuja: kufikia mwezi wa 5 hivi uzito ule wa kuzaliwa umekuwa mara mbili, na kufikia mwaka umekuwa mara tatu. Urefu nao huongezeka kwa nusu, kutoka sentimita 50 hivi hadi 75. Mzingo wa kichwa hutoka kwenye sentimita 35 na kufika 46 hivi, kwa sababu ubongo ulio ndani yake unaongezeka karibu maradufu. Ndiyo maana utosini pameachwa laini. Mifupa ya fuvu haijashikana ili kichwa kipate pa kutanukia, na lile tundu la mbele kwa kawaida halifungi mpaka mtoto awe amepita mwaka.

Ila kasi hiyo haiendi kwa utulivu kama mchoro wa kwenye kadi unavyotufanya tuamini. Mwaka 1992 Michelle Lampl na wenzake walichapisha katika jarida la Science vipimo vya watoto wachanga waliokuwa wakipimwa urefu mara kwa mara, baadhi yao kila siku. Walikuta siku nyingi mfululizo ambazo mtoto hakurefuka hata kidogo, halafu ghafla nusu sentimita au zaidi katika muda mfupi sana, halafu kimya tena. Mama yeyote aliyewahi kufunga vifungo vya nguo jioni na kushindwa kuvifunga siku mbili baadaye analijua jambo hilo bila rula. Na ukimpima mtoto leo na kesho, ukakuta hajaongezeka, hujapima chochote cha kukukosesha usingizi. Tazama mwelekeo wa miezi.

Mama yangu alikuja kumwona mjukuu wake akiwa na wiki tatu. Akamshika kwapani, akamsimamisha nyayo zikigusa kitanda, na yule mtoto akanyanyua mguu mmoja, akautua, akanyanyua wa pili, kama mtu anayepanda ngazi. Mama akafurahi sana. "Huyu atatembea mapema, nakwambia."

Alipofika miezi miwili na nusu nilitaka kumwonyesha baba yake maajabu hayo. Nikamsimamisha vilevile. Miguu ikajikunja kidogo, ikatulia. Nikajaribu tena kesho yake, na keshokutwa. Hakuna. Nilikaa na hofu hiyo peke yangu kwa wiki nzima kabla ya kuthubutu kuuliza.

Mtoto huja duniani na miitiko kadhaa ambayo haikuhitaji kufunzwa. Mguse shavu, atageuza mdomo kutafuta ziwa. Mwekee kidole kiganjani, atakibana. Mshtue kwa sauti au kwa kumlegezea kichwa ghafla, atatupa mikono pande zote kisha ataikusanya kifuani kama anayekumbatia hewa. Mwitiko huo umepewa jina la daktari Ernst Moro, Mwaustria aliyeueleza mwaka 1918. Kupiga hatua ni mmoja wa miitiko hiyo, nao hufifia karibu na mwezi wa pili au wa tatu. Kwa muda mrefu maelezo yalikuwa kwamba ubongo unapokomaa unauzima. Halafu akaja mtafiti Esther Thelen, ambaye mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha jaribio ambalo mimi huwa nalirudia kichwani kila ninapoona mtoto mwenye mapaja manene. Waliwashusha watoto wachanga katika maji, miguu ikiwa imezama, na hatua zikawa nyingi kuliko nje ya maji. Wakawafunga vizito vidogo miguuni, hatua zikapungua. Katika wiki hizo mafuta ya mapaja huongezeka haraka kuliko nguvu za misuli, kwa hiyo mguu unakuwa mzigo kwa mwenye mguu. Na ukimlaza chali mtoto huyohuyo, atapiga mateke kwa mpangilio uleule wa hatua. Kitu kilichokuwa kimepotea kwa binti yangu kilikuwa kinaonekana kila nilipombadilisha nepi, na mimi sikukitambua.

Kubana kidole nako huondoka, kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Ni lazima kuondoke. Mkono unaojifunga wenyewe kila ukiguswa hauwezi kuchagua cha kushika. Kwanza mtoto hugundua kwamba ana mikono: karibu na mwezi wa tatu utamkuta amelala chali anaitazama, anaizungusha mbele ya macho, kwa utulivu ambao watu wazima tumeusahau. Mwezi wa nne au wa tano anaanza kuvifuata vitu kwa makusudi. Mwezi wa sita anahamisha kitu kutoka mkono huu hadi ule. Kati ya mwezi wa tisa na mwaka anaokota punje sakafuni kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada, na kuanzia hapo usalama wa nyumba unategemea ufagio, kwa sababu kila anachookota kinaishia mdomoni.

Kushika kunaonekana na kila mtu. Kuachia kwa hiari ni kazi ngumu zaidi na huja baadaye, mtoto anapokaribia mwaka, na ndiyo maana katika umri huo kijiko kinaangushwa mara ishirini kutoka mezani. Niliwahi kumkaripia mwanangu kwa hilo, na nilipoelewa baadaye kwamba ndiyo kwanza vidole vyake vimejua kufunguka kwa amri yake, niliumia.

Turudi nyuma kidogo, kwenye wiki ya sita. Nadhani ndiyo wiki ngumu kuliko zote katika mwaka, na watu hawamwandai mzazi kwa ajili yake. Kilio cha mtoto huongezeka kuanzia wiki ya pili, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua hadi mwezi wa tatu au wa nne. Huja zaidi jioni, wakati mama naye amekwisha. Unamnyonyesha, unambeua, unambadilisha, unambeba, na bado analia. Usimtikise mtoto hata kidogo. Shingo yake haijakaza, ubongo wake ni mwororo, na kutikiswa kwa nguvu kunaweza kumpofusha, kumlemaza au kumuua. Ukihisi hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, funga mlango, simama nje, pumua. Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja. Alilia dakika tano akiwa peke yake, na nilirudi nikiwa mama tena.

Katika wiki hizohizo za kilio ndipo tabasamu la kweli linapozaliwa. Kabla ya hapo hutabasamu usingizini, midomo tu, kwa sababu zake mwenyewe. Kati ya wiki ya sita na ya nane anakutazama usoni, macho yanakunjuka, na unajua kabisa kwamba ni wewe. Alikuwa akijiandaa kwa hilo tangu siku ya kwanza: mtoto mchanga huona vizuri zaidi umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ni umbali wa kutoka ziwani hadi usoni kwa mama, na zaidi ya hapo dunia ni ukungu. Sauti yako alikuwa anaijua kabla ya uso. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba watoto wa siku chache tu hubadili namna wanavyonyonya chuchu ya bandia ili wasikie sauti ya mama yao badala ya sauti ya mwanamke mwingine.

Na anatarajia ujibu. Mtafiti Edward Tronick, katika miaka ya 1970, aliwaomba kina mama wacheze na watoto wao kisha wakaze uso, wasionyeshe chochote, kwa dakika chache. Watoto wa miezi michache walijaribu kila kitu: walitabasamu, waliita kwa sauti, walinyoosha mikono, kisha wakageuza uso na kukata tamaa. Tangu nilipojua hilo, simu naiweka chumba kingine ninaponyonyesha.

Sehemu ya katikati ya mwaka naipita haraka kwa sababu ndiyo inayosimuliwa zaidi. Kufikia mwezi wa nne kichwa hakiyumbi. Kujigeuza huja kati ya mwezi wa nne na wa sita, kwa hiyo usimwache kitandani ukageuka kuchukua kitu, hata kama jana hakuweza. Mwezi wa sita ni wakati wa kuanza kumpa chakula pamoja na maziwa, maana akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua na maziwa ya mama peke yake hayaijazi. Asali asionje mpaka atimize mwaka, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wake haujui kupambana navyo. Meno huja yanapotaka. Kwa wengi la kwanza hutoka karibu na mwezi wa sita, na wapo wanaotimiza mwaka na fizi tupu wakiwa wazima kabisa.

Jambo moja la kulala nalisemea polepole. Mlaze chali, kila anapolala, kwenye godoro gumu lisilo na mito wala mablanketi yaliyovurugika. Tangu kampeni za kulaza watoto chali zilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi zilizozifuata ziliona vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikipungua kwa zaidi ya nusu. Kifudifudi ni kwa wakati yuko macho na wewe upo, kidogokidogo kila siku, ndipo shingo na mabega yanapopata nguvu.

Sasa nifike kwa mwanangu wa pili, ambaye hakutambaa.

Dada yake alitambaa mwezi wa nane, kwa magoti na mikono, kama picha ya kwenye kadi. Yeye alikaa vizuri mwezi wa saba, akawa hapo alipo. Ukimlaza kifudifudi analia. Mwezi wa kumi akaanza kusota kwa makalio, mguu mmoja umekunjwa, mwingine unapiga kasia, mkono mmoja unasukuma sakafu, na anakwenda kweli! Wageni walicheka, ndugu wakashauri, na mama mkwe wangu, kwa upendo kabisa, alimgeuza kila alipomwona ili "amfundishe". Mimi nilikuwa nahesabu siku.

Kilichonituliza ni utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006. Walifuatilia watoto 816 wenye afya katika Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wakaandika ni lini kila mmoja aliweza nini. Kukaa bila kushikiliwa kulianzia miezi 3.8 hadi 9.2. Kutambaa kwa mikono na magoti, miezi 5.2 hadi 13.5. Kusimama dede, miezi 6.9 hadi 16.9. Kutembea peke yake, miezi 8.2 hadi 17.6. Ukiangalia namba hizo utaona kwamba mtoto mzima anaweza kuwa anatembea wakati mwenzake wa umri uleule, mzima vilevile, bado hajakaa sawasawa. Na kiasi cha watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa magoti kamwe. Waliruka hatua hiyo wakaendelea na maisha. Mwaka 2022 mamlaka ya afya ya Marekani, katika kuipitia upya orodha yake ya ukuaji, iliondoa kutambaa kabisa. Kwa aliyezaliwa kabla ya siku zake, miezi yote hii ihesabiwe kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Ni dhuluma kumpima mtoto wa wiki 32 kwa kalenda ya aliyekaa tumboni wiki 40.

Katika kujifunza kwenda ndipo nilipokutana na kupoteza kwa ajabu kuliko kote. Mtafiti Karen Adolph amewapitisha watoto kwenye miteremko ya mbao, mwingine mpole, mwingine mkali, mtu mzima akiwa tayari kuwadaka. Mtoto anayeanza kutambaa hujitupa kwenye mteremko wowote. Baada ya wiki nyingi za kutambaa anajifunza: anafika ukingoni, anapapasa kwa mkono, anakataa au anageuka kushuka kwa matako. Ungedhani sasa amejua hatari ya mteremko. Kisha anaanza kutembea, na anajitupa upya, mteremko uleule aliokuwa anaukataa. Mweke tena kwa magoti, anakataa. Msimamishe, anakwenda. Alichojifunza kilikuwa cha mwili wa kutambaa, na mwili wa kutembea ni mwili mpya, wenye macho yaliyo juu zaidi na uzito uliokaa pengine. Yule binti yangu, ambaye alikuwa na adabu kubwa na ngazi mwezi wa kumi, alianguka kwenye ngazi hizohizo wiki moja baada ya kuanza kutembea, na mimi nilisema, "Lakini anazijua!" Alizijua kwa magoti.

Mdomoni nako mambo ni hayohayo. Mwezi wa pili anaguna na kuvuta irabu ndefu, mwezi wa saba hivi anashika konsonanti na kuanza ba-ba-ba, da-da-da, na karibu na mwaka linatoka neno la kwanza. Kabla ya kusema lolote anaelewa mengi: kufikia mwezi wa tisa anageuka akisikia jina lake, na anajua "hapana" ina uzito gani. Lakini masikio yanapunguza wigo. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 waliolelewa katika Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa lugha yao hawazisikii kama mbili. Kufikia miezi 10 hadi 12 wengi wao walikuwa wamepoteza uwezo huo. Kwa hasara hiyo wanapata lugha. Sikio lililokuwa linasikia tofauti za lugha zote linaanza kusikiliza kwa nguvu lugha inayozungumzwa pale linapolelewa. Kwa hiyo zungumza naye, mweleze unachofanya, ngoja kidogo, mpe zamu ya kujibu, hata kama jibu lake ni povu la mate.

Kisha mwezi wa nane wa binti yangu ukafika, naye, aliyekuwa anakwenda kwa kila mtu, akamkataa mama yangu. Alikuwa hajamwona kwa wiki tano. Mama alinyoosha mikono, mtoto akamtazama, mdomo ukaanza kutetemeka, akaficha uso begani kwangu na kulia kama ameumwa na nyuki. Mama alisema, "Amenisahau," akaenda jikoni. Nilimfuata. Nilitamani wakati ule ningekuwa na maneno niliyonayo sasa.

Mtoto wa miezi minne anapokea mikono yoyote kwa sababu bado hajajenga ukuta kati ya wake na wengine. Kufikia mwezi wa nane au wa tisa amejenga kumbukumbu ya nyuso chache ambazo ndizo nyumbani, na uso usiofanana nazo unamshtua. Wakati uohuo anapata ufahamu mwingine ambao mwanasaikolojia Jean Piaget aliuandika kwa kuwachunguza wanawe mwenyewe: kwamba kitu kilichofichwa bado kipo. Kabla ya hapo ukifunika mwanasesere kwa kitambaa, mtoto hana habari naye. Sasa anavuta kitambaa. Watafiti waliofuata, kina Renée Baillargeon na Elizabeth Spelke, walionyesha kwamba macho ya watoto hushangazwa na mambo yasiyowezekana miezi kadhaa kabla ya mikono kujua kutafuta, na mimi naamini macho hujua kwanza. Mama akitoka chumbani hajafutika. Yupo mahali fulani, bila mimi, na hilo ndilo linalomliza, hata usiku wa manane alipokuwa ameanza kulala vizuri. Mama yangu alikaa sakafuni kwa nusu saa bila kumshika, akigonganisha vifuniko viwili. Mtoto akatambaa taratibu mpaka magotini pake.

Nimesema kupoteza kwingi ni kwema. Nisipoeleza kule kusiko kwema nitakuwa nimemdanganya mtu.

Mtoto aliyekuwa anabwabwaja akanyamaza kabisa apimwe masikio. Watoto wasiosikia huguna kama wengine miezi ya mwanzo, lakini ba-ba-ba ya mdomoni huchelewa sana, na wale wanaoona lugha ya ishara nyumbani hubwabwaja kwa vidole, jambo ambalo Laura-Ann Petitto na Paula Marentette walilionyesha mwaka 1991. Kutosikia kukigunduliwa mapema, lugha si lazima ichelewe, iwe ya mdomo au ya mikono. Mtoto anayeacha kutabasamu, kutazama machoni au kukaa alipokuwa anaweza, asisubiri tarehe ya kliniki. Vivyo hivyo asiyekaza shingo kufikia mwezi wa nne, asiyetabasamu kwa mtu kufikia mwezi wa tatu, aliye mkakamavu au mlegevu kupita kiasi, au anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, kwa sababu katika umri huo mtoto hapaswi kuwa na mkono anaoupenda, na huenda ule mwingine una udhaifu.

Na lipo moja ambalo wazazi wengi hulipita bila kujua. Mwaka 1841 daktari Mwingereza, William West, aliliandikia jarida la The Lancet barua kuhusu mwanawe mwenyewe aliyekuwa anakaribia mwaka. Mtoto alikuwa na afya njema mpaka mwezi wa nne, ndipo kichwa kikaanza kuinama mbele kidogo, mara chache kwanza, kisha kwa mfululizo, mara kadhaa kwa siku, huku akipoteza uchangamfu wake. Hicho ni kifafa cha watoto wachanga, nacho hadi leo hubeba jina lake. Huweza kufanana na mshtuko wa kawaida au maumivu ya tumbo, ila mshtuko huja mmoja na una sababu, na hiki huja kwa mikupuo, mara nyingi mtoto anapoamka. Ukikiona, kirekodi kwa simu na uende hospitali siku hiyohiyo. Kila siku ina maana. Daktari akiiona video anaelewa kwa sekunde kumi kile ambacho wewe ungekieleza kwa nusu saa bila kufika.

Mwanangu wa pili alitimiza mwaka hajasimama dede. Daktari alimkagua nyonga, magoti, nyayo, akamtazama akisota kwenda na kurudi, akasema ni mzima, tungoje. Adolph na wenzake waliwahi kuhesabu hatua za watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza kwa uhuru: wastani ulikuwa hatua 2,368 na kuanguka mara 17 kwa saa moja. Yeye alianza hesabu yake akiwa na miezi kumi na tano. Alikuwa ameshika kiti, dada yake akapita na mpira, akakiachia kiti akamfuata. Hatua nne, akaanguka, akainuka. Jioni hiyo alizunguka sebule nzima akienda tete, mikono juu.

Kesho yake niliweka mpira sakafuni na kuandaa simu, nikitaka nipate video moja ya ule mwendo wake wa makalio, maana miezi mitano nzima sikuwa nimemrekodi. Akautazama mpira, akainuka, akaufuata kwa miguu.